Barua ya wazi kwa wakuu wa usalama: marufuku ya bunduki za kivita ianzie kwenye risasi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani. Inspekta Jenerali wa Polisi. Wanachama wa kamati za usalama za Bunge la Taifa na Seneti. Na magavana wa kaunti za Baringo, Elgeyo Marakwet, Pokot Magharibi, Turkana, Samburu na Laikipia.

Waheshimiwa,

Kila baada ya shambulio kubwa la wezi wa mifugo katika Bonde la Kerio na maeneo jirani, kauli mbili hutolewa kwa wakati mmoja. Ya kwanza hutoka kwa viongozi wetu wa mashinani, aghalabu wakihutubia waombolezaji, nayo husema kwamba kwa kuwa serikali imeshindwa kutulinda, basi wananchi waruhusiwe kumiliki bunduki za kivita ili wajilinde wenyewe. Ya pili hutoka Nairobi, nayo hutangaza kwamba silaha zote haramu zisalimishwe katika muda wa siku chache, na atakayekaidi atakiona cha mtema kuni. Nimefundisha katika shule za msingi za bondeni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nimezisikia kauli hizi mbili zikipokezana mwaka hadi mwaka huku tukiendelea kuzika. Naandika kwa sababu kauli ya kwanza, ikikubaliwa, itatumaliza. Na ya pili, kwa namna inavyotekelezwa, haiwezi kutuokoa.

Niseme mapema kwamba upande wa sheria hakuna utata. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, katika kifungu cha 4A, inazitaja bunduki za AK-47, G3 na MP5 kwa majina yake pamoja na nyingine za aina hiyo, na inaweka adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa mtu anayepatikana nazo bila idhini halali. Zaidi ya hapo, tarehe 21 Aprili 2004 nchi za eneo la Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi, na katika kifungu chake cha tatu zikakubaliana kupiga marufuku kabisa umiliki wa raia wa silaha nyepesi, bunduki zinazofyatua risasi mfululizo, zile zinazojipakia zenyewe baada ya kila mfyatuo, na bunduki za rashasha. Kituo cha kusimamia itifaki hiyo, RECSA, makao yake yako Nairobi. Kwa hiyo kiongozi wa Kenya anaposimama kando ya kaburi na kudai kwamba wafugaji wapewe AK-47, hadai jambo lililosahauliwa na sheria. Anataka tuvunje ahadi tuliyoitoa mbele ya majirani zetu wote, katika mji wetu mkuu wenyewe.

Lakini ninyi mnajua, kama tunavyojua sisi, kwamba marufuku hii huonekana zaidi kwenye vitabu vya sheria kuliko kwenye njia za mifugo. Ndiyo maana mjadala haufi.

Wapo wanaosema kwamba bunduki ni bunduki, na kwamba jamii zetu zimekuwa na silaha tangu enzi za mikuki. Hawa nawaomba wawasikilize wazee wa bondeni waliokumbana na wezi waliobeba Mark 4, ile bunduki ya Waingereza ambayo mpiga hulazimika kuvuta na kusukuma chuma cha kuingizia risasi kila anapotaka kupiga tena, na ambayo hubeba risasi kumi tu. Mbele ya silaha kama hiyo, mtu angeweza kukimbilia kichakani, mama angeweza kumshika mtoto mkono akateremka korongoni, na vijana wa kijiji wangeweza kujipanga. AK-47, iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Kisovieti mwaka 1947, hubeba risasi 30 katika kasha moja na inaweza kulimaliza kasha hilo kwa sekunde chache kidole kikishikilia tu. Haihitaji mpiga hodari. Kijana wa miaka 15 aliyefundishwa mchana mmoja anaweza kuielekeza kwenye boma lenye watu waliolala, na asikose.

Matokeo ya tofauti hiyo yamo katika historia yetu ya karibu. Machi 2001, huko Murkutwo upande wa Marakwet, watu zaidi ya 40 waliuawa katika shambulio moja na nyumba zao zikateketezwa. Julai 2005, huko Turbi katika Marsabit, washambuliaji walifika asubuhi wakaua watu zaidi ya 50, na kati yao zaidi ya 20 walikuwa watoto wa shule. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, maafisa wa polisi na askari wa akiba (wanavijiji waliopewa bunduki na serikali ili walinde maeneo yao) wapatao 40 waliotumwa kurejesha mifugo iliyoibwa waliviziwa na kuuawa. Mikuki haifanyi hayo. Hata zile Mark 4 hazikuwa zikifanya hayo kwa muda mfupi hivyo. Mkipiga marufuku silaha za aina hii mahususi, mnapiga marufuku uwezo wa watu wachache kuua kijiji kizima kabla ya kuku kuwika mara ya pili, na hilo ni lengo linalostahili kutetewa mbele ya yeyote.

Sasa nigeukie wale wanaotaka raia waruhusiwe kujihami, kwa maana siwezi kuwapuuza. Ni majirani zangu, na baadhi yao nimewafundisha. Hoja yao ina msingi wa kweli. Kituo cha polisi kilicho karibu huwa mbali, gari lake huwa halina mafuta, barabara inakatika mvua ikinyesha, na wezi wanapofika huwa wameshajua kwamba msaada utachelewa. Mwaka 2019 serikali iliwapokonya silaha askari wa akiba katika kaunti kadhaa ili wachujwe upya, na katika muda huo wanavijiji wengi waliachwa bila mlinzi yeyote wa karibu. Anayesema kwamba alidanganywa akasalimisha silaha, kisha akavamiwa, hapaswi kuitwa mhalifu. Anapaswa kujibiwa.

Jibu langu kwake ni hili. Bunduki ya kivita haimlindi mwenye boma usingizini. Humlinda akiwa macho, amejiandaa, na amejua adui atatokea wapi, na wezi huchagua saa ambayo hayo yote hayapo. Kinachobaki ni kulipiza kisasi. Na kisasi kinapokuwa ndicho kinga, kila kijiji kinachonunua bunduki kumi kinamlazimisha jirani anunue ishirini, naye jirani ana mifugo ya kuuza na njia ya mpakani ya kununulia. Tumeona hesabu hii ikipanda kwa zaidi ya miaka 40 na haijawahi kushuka yenyewe. Isitoshe, Katiba ya 2010 katika ibara ya 239 inakataza mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi au kinachofanana nacho nje ya vile vinavyotambuliwa na Katiba au na sheria ya Bunge. Vijana wa kijiji wenye AK-47, wenye kiongozi wao na wenye zamu za kulinda, ni kikosi, hata kama tutawapa jina la upole.

Nimegusia historia, nikae hapo kidogo, kwa sababu humo ndimo nilimopata hoja yangu kuu. Bunduki zilizojaa kaskazini mwa Bonde la Ufa hazikutengenezwa na wafugaji. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, na Wakaramoja, wafugaji wa huko, wakajichukulia maelfu ya bunduki kutoka ghalani. Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia na ya Mengistu ikaanguka Ethiopia, na silaha za majeshi mawili makubwa zikauzwa kwa bei ya mbuzi katika masoko ya mpakani. Vita vya muda mrefu vya Sudan Kusini vikamwaga nyingine. Na serikali yetu, kwa nia ya kuwalinda watu wa mpakani, ikagawa bunduki zake yenyewe kwa askari wa akiba, ambao kwa miaka mingi walifanya kazi hiyo bila mshahara.

Bunduki hizi hazichakai upesi. Chuma kilichotoka Moroto mwaka 1979 bado kinapiga hadi leo. Nimewahi kuona mmoja wa wachungaji akiwa na AK-47 ambayo kitako chake kilikuwa kimepasuka na kufungwa kwa ngozi ya mbuzi iliyokaushwa, mkanda wake umeshonewa shanga, na pale palipokuwa na nambari ya chuma pamekwanguliwa mpaka pakang'aa. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Utafiti wa Small Arms Survey, taasisi inayotafiti silaha ndogo, na ofisi ya serikali inayoshughulikia silaha ndogo, uliotolewa mwaka 2012, ulikadiria kwamba raia nchini Kenya walikuwa na kati ya bunduki 530,000 na 680,000. Novemba 2016 serikali ilichoma moto bunduki 5,250 huko Ngong, na Juni 2021 ikaharibu nyingine 5,144. Nilifurahi kuziona zikiteketea. Lakini yeyote anayejua kugawanya anaona kwamba kwa mwendo huo hata vitukuu vyetu hawataona mwisho wake, na hapo hatujahesabu zinazoingia.

Lakini risasi hutumika mara moja tu. Ikipigwa imekwisha. Risasi iliyoua mtu jana usiku si rahisi iwe ilitoka Moroto mwaka 1979, hata kama bunduki iliyoipiga ilitoka huko. Ilitengenezwa kiwandani, ikapakiwa kwenye sanduku, ikaandikwa kwenye daftari la mtu fulani, ikapita mikono kadhaa, na ikauzwa. Kila shambulio, kila ulinzi wa boma, kila kufyatua hewani kwenye sherehe, kunawalazimu wenye bunduki watafute risasi nyingine. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mamia ya maelfu ya bunduki hizi yanategemea mtu mwingine kila mwezi, na hapo ndipo marufuku inapoweza kuuma. Bunduki isiyo na risasi ni rungu zito.

Niwaeleze ninachokijua kwa macho yangu. Baada ya mashambulio, wanafunzi wa darasa la tatu na la nne walikuwa wakiokota maganda ya risasi kando ya njia ya kuja shuleni na kuyatumia kuhesabia, kama watoto wa kwingine wanavyotumia vijiti na vizibo vya soda. Nilikuwa nikiwanyang'anya na kuyaweka katika mkebe wa kakao kwenye kabati la darasa. Mengine yalikuwa mafupi, ya chuma chenye rangi ya kijani au kijivu. Hayo watoto walijua ni ya AK. Mengine yalikuwa marefu zaidi, ya shaba ya manjano, nayo walijua ni ya G3, na waliweza hata kuniambia usiku ni ipi iliyolia kwanza. Ukiligeuza ganda na kutazama kitako chake, utaona pale katikati kitundu kidogo kilichogongwa na bunduki, na kukizunguka herufi na tarakimu zilizochongwa kiwandani. Kwa kawaida ni alama ya kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Kwa maneno mengine, kila ganda lililookotwa na mtoto wa darasa la tatu lilikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona afisa yeyote akija kuyaomba.

Hili si jambo la kubuni la mwalimu wa kijijini. Mwaka 2008, Small Arms Survey ilichapisha utafiti uliofanywa Turkana Kaskazini, ambao uliyasoma maganda na risasi zilizokuwa mikononi mwa wapiganaji wa jamii hiyo na jirani zao Watoposa wa ng'ambo ya mpaka. Ulionyesha kwamba risasi nyingi zilikuwa za kiwanda chetu cha Eldoret, na kwamba polisi walikuwa wamewagawia Waturkana risasi hizo ili wajilinde dhidi ya majirani wenye silaha. Nia inaweza kueleweka. Matokeo yake ni kwamba risasi iliyolipiwa na mlipa kodi wa Kenya ilitoka mikononi mwa serikali, ikarudi kutuua. Tangu wakati huo uwezo wa serikali wa kutengeneza silaha umepanuka: Aprili 2021 kilizinduliwa huko Ruiru kiwanda cha bunduki chenye uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Sipingi Kenya kujitengenezea silaha za askari wake. Ninachosema ni kwamba nchi inayotengeneza bunduki na risasi zake yenyewe haina kisingizio cha kutojua zinakokwenda.

Najua mtasema kwamba risasi nyingine hutoka Sudan Kusini, Ethiopia na Somalia, na ni kweli. Lakini kila alama iliyoko kwenye ganda inaonyesha njia, iwe ya hapa au ya ng'ambo, na serikali isiyokusanya maganda haiwezi kumwonyesha jirani yake kidole. Kwa hiyo anzeni kwa kufungua madaftari yenu. Kila kituo cha polisi katika kaunti hizi sita, kila kambi ya GSU, kile kikosi maalumu cha polisi, na ya kitengo cha kukabiliana na wizi wa mifugo, na kila askari wa akiba ana idadi ya risasi alizopewa. Risasi zilizotumika zihesabiwe dhidi ya maganda yaliyorudishwa na taarifa za tukio. Zilizopotea zitajwe. Afisa ambaye risasi za kituo chake zinaokotwa mara kwa mara mahali palipovamiwa aulizwe, na asipokuwa na jibu ashtakiwe kwa sheria ileile ya Sura ya 114 inayomtishia mchungaji kifungo cha maisha.

Kuhusu askari wa akiba, mnajua mzigo wao. Mtu anapewa G3, anaambiwa alinde kata nzima, halipwi au analipwa kidogo na kwa kuchelewa, na jirani mwenye ng'ombe wengi anamwahidi mbuzi kwa kuazimwa bunduki usiku mmoja. Sijawahi kuamini kwamba watu hawa ni wabaya. Wengi wamekufa wakitulinda. Lakini hakuna jamii iwezayo kuwa na marufuku ya bunduki za kivita huku ikiwa na mamia ya bunduki za kivita zinazolala chini ya vitanda vya watu wasiolipwa. Walipwe kama askari, silaha zao zikaguliwe na afisa kutoka nje ya eneo lao, na kila bunduki iwe na alama ya serikali isiyoweza kukwanguliwa kirahisi, kama Itifaki ya Nairobi inavyotaka.

Sasa nifike kwenye kukusanya bunduki zenyewe, kwa kuwa sitaki mtu adhani nasema ziachwe. Zikusanywe, ila zikusanywe pande zote kwa wakati mmoja. Uganda walijifunza hili kwa uchungu. Jeshi lao lilipowapokonya Wakaramoja silaha kuanzia mwaka 2006, majirani wa upande wetu wa mpaka walibaki na zao, na Wakaramoja wakawa mawindo. Miaka ya baadaye bunduki zilirudi Karamoja, na Julai 2021 jeshi la Uganda likalazimika kuanza oparesheni upya. Mei 2023 Rais Museveni aliwapa wafugaji wa Kiturkana walioko Uganda muda wa miezi sita kusalimisha silaha zao la sivyo wafukuzwe pamoja na mifugo yao. Maneno yale yalitukera wengi wetu Wakenya, lakini yalitokana na tatizo ambalo serikali yetu iliahidi kulishughulikia pamoja na Uganda katika makubaliano yaliyotiwa saini Moroto, Septemba 2019. Hali ni hiyohiyo ndani ya nchi. Mkimpokonya Mmarakwet silaha Jumatatu na Mpokoti mkamwahidi mwezi ujao, mmemchagulia mmoja afe. Mkianza na Mpokoti, ni vivyo hivyo. Tarehe iwe moja, na siku silaha inaposalimishwa askari wawe tayari wamekwisha kupiga kambi kwenye kivuko cha mifugo cha kijiji hicho, wala si kwenye mji wa kaunti.

Februari 2023 serikali ilitangaza oparesheni katika kaunti sita, ikatoa siku tatu za kusalimisha silaha, na ikatuma jeshi kuwasaidia polisi kwa idhini ya Bunge la Taifa. Siku tatu ni muda wa kuficha bunduki, si wa kuileta. Mtu aliyechimbia bunduki yake ardhini ndani ya ngozi iliyopakwa mafuta hahitaji hata siku moja. Atakayeileta ni yule anayeamini kwamba jirani yake naye ataleta, na imani hiyo haijengwi kwa tangazo la redio. Hujengwa na wazee wa pande zote mbili wakikaa chini ya mti mmoja kwa miezi, pamoja na machifu, viongozi wa dini na akina mama, ambao mara nyingi ndio wanaojua bunduki imelazwa wapi.

Na kuna jambo ambalo lazima niliseme waziwazi, hata kama halipendezi. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, katika oparesheni iliyosemekana kuwa ya kuwanyang'anya silaha. Walizuiliwa kwa siku kadhaa juani bila chakula wala maji, na mamia waliuawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika hilo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Kila mzee wa kaskazini analifahamu, na kila msako mpya hulifufua. Mnapotuma magari ya kivita kwenye vijiji na kuchoma nyumba, au mnapowapiga wanaume wote wa kata kwa kosa la wachache, mnawafundisha vijana kwamba ni mwenye bunduki tu anayeheshimiwa. Marufuku ya bunduki za kivita haiwezi kutekelezwa kwa adhabu ya jumla. Atakayekamatwa na AK-47 ashtakiwe yeye, kwa jina lake, mbele ya hakimu.

Baadhi yenu hupenda kutaja mifano ya ng'ambo, na inafaa tuitazame kwa makini. Australia, baada ya mauaji ya Port Arthur ya Aprili 1996 ambapo watu 35 waliuawa, ilipiga marufuku bunduki nyingi za aina hii, ikazinunua na kuziharibu zaidi ya 600,000. New Zealand, baada ya watu 51 kuuawa katika misikiti ya Christchurch tarehe 15 Machi 2019, ilipitisha sheria yake bungeni kwa kura 119 dhidi ya moja katika muda usiofika mwezi mmoja tangu mauaji hayo. Marekani ilipiga marufuku bunduki za mtindo wa kijeshi kuanzia 1994, lakini ikaziacha zote zilizokuwa zimeshatengenezwa, na mwaka 2004 sheria hiyo ikaisha muda wake bila kuhuishwa. Huko Australia na New Zealand wamiliki wengi walikuwa na leseni na walijulikana wanakoishi, walilipwa fedha, na hawakuwa wakimwogopa jirani aliye ng'ambo ya mto. Kwetu hakuna hata moja kati ya hayo matatu. Tukinunua bunduki kwa fedha taslimu, fedha hizo zitavuka mpaka kesho yake zikanunue bunduki mpya. Fidia iende kwa kijiji kizima: kisima, zahanati iliyo na muuguzi, ukuta wa shule, gari la polisi lenye mafuta. Kutoka Marekani, tuchukue onyo kwamba marufuku inayoachia zilizoko ziendelee kuwako, na yenye tarehe ya kufa, si marufuku.

Kuna wanaofaidika na silaha hizi ambao hawajawahi kulala kichakani. Ng'ombe 200 wanaoibwa usiku hawaliwi na vijana 30. Wanapakiwa kwenye malori, wanapita vizuizi vya barabarani, na wanauzwa katika masoko ya mbali na hapa. Mtu anayenunua ng'ombe hao ndiye anayenunua risasi za shambulio linalofuata. Najua hili liko nje kidogo ya mada yangu, lakini afisa wa kizuizi anayeshindwa kuuliza vibali vya lori la usiku ni sehemu ya hadithi hiihii.

Waheshimiwa magavana na wabunge wetu, kwenu nina ombi la pekee. Mnapohutubia mazishini, msituambie tununue bunduki. Mnajua wanaowasikiliza ni vijana waliomzika kaka yao saa moja iliyopita. Semeni kinyume chake, na semeni katika lugha zetu zote, hata mbele ya wale wasiowapigia kura. Na ninyi mlio Nairobi, msituletee tena tangazo la siku tatu.

Mvua ya vuli ikiisha, malisho hukauka na mashambulio huongezeka. Wakuu wa usalama wanaifahamu kalenda hiyo vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo ninaomba kwamba kabla ya mwisho wa mwaka huu Waziri na Inspekta Jenerali wachapishe, kata kwa kata katika kaunti hizi sita, idadi ya risasi zilizotolewa kwa polisi na askari wa akiba, zilizotumika, zilizorudishwa na zisizojulikana zilipo. Kwamba kamati za Bunge ziwaite maafisa husika wazijibu hadharani. Na kwamba maganda yanayookotwa katika kila tukio yapelekwe maabara ya polisi na matokeo yake yatangazwe. Walimu wa bondeni watasaidia kuyakusanya. Tunayo mengi.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Bonde la Kerio